Moshi wa Kantengwa

14 Septemba

Leo tumeanua matanga. Wageni wa mwisho wameondoka na mikeka yao, turubai la kanisa limekunjwa, na masufuria yamerudishwa kwa wenyewe isipokuwa moja, ambalo kila ninayemuuliza anasema si lake. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mama amelala nyuma, kwenye migomba, mahali ambapo jua la asubuhi hufika kwanza. Aliitwa Kantengwa. Alikuwa na miaka themanini na mitatu kwa hesabu ya kanisa, ingawa mwenyewe alidai padri aliyemwandika alikuwa na haraka.

Watoto wake tuliobaki ni wawili. Mdogo wangu Bainomugisha anarudi Mwanza kesho kwenye kazi zake. Mimi, Atuhaire, ni mwalimu mstaafu wa sayansi na mjane, na watoto wangu wana nyumba zao. Kwa hiyo nimesema nitabaki hapa Kibingo na baba mpaka mvua za vuli zipite. Hakuna aliyenipinga. Baba mwenyewe, Mzee Muhangi, alikuwa ameshaelekea zizini.

15 Septemba

Bainomugisha kaondoka. Baba kala vijiko viwili vya ndizi. Maziwa hajagusa tangu siku ya mazishi.

17 Septemba

Nieleze jambo hili vizuri, kwa sababu wajukuu wakija kusoma huenda wasilijue. Sisi ni watu wa ng'ombe. Kwa baba yangu maziwa si kinywaji, ni chakula. Ndizi, maharage, hata nyama, ni vya kuyasindikiza. Kila jioni ng'ombe wakishakamuliwa, analetewa chombo chake. Tunakiita ekyanzi: ni kipande cha mti kilichochongwa ndani, chenye shingo nyembamba na kifuniko kilichosukwa chenye ncha. Cha mwenye nyumba hakinywewi na mtu mwingine, awe mke, mtoto au mgeni.

Kabla ya kutiwa maziwa, chombo hufukizwa. Unawasha nyasi kavu ndani ya chungu kidogo, unakiinamisha chombo juu yake, moshi unapanda na kujaa ndani. Moshi huo huua vijidudu vinavyochachusha maziwa, kisha huacha harufu yake. Habari za vijidudu nilizifundisha darasani miaka mingi. Habari za harufu nilizijua kabla sijajua kusoma.

Ni kazi ya mwanamke wa nyumba. Mama aliifanya kila jioni katika chumba kidogo cha maziwa, mlango umefungwa. Alituambia moshi ukitazamwa na watoto unaharibika, nami niliamini mpaka nikafika kidato cha pili. Akimaliza, alichukua chombo akaenda nacho chumbani kwa baba, na mlango huo nao ukafungwa. Wakati mwingine tulisikia kicheko. Tulidhani wanazungumza juu yetu.

Leo jioni nimechemsha maziwa, maana nayajua magonjwa yatokanayo na ng'ombe, nikayatia katika kikombe cha wageni, nikapanga kwenye sinia lenye kitambaa.

"Hiki nini?" baba akauliza.

"Maziwa, Tata." Kwetu baba huitwa hivyo.

"Yanaumwa?"

"Hapana. Nimeyachemsha tu."

"Basi mpelekee anayeumwa."

Nikaacha sinia mezani, nikatoka, kwa kuwa binti hamkodolei macho baba yake anapokula. Niliporudi, paka alikuwa ameshiba.

20 Septemba

Jua kali. Uji nusu kikombe.

23 Septemba

Kampire amenifundisha kufukiza. Yeye ni mke wa Tuyizere, mchungaji wetu wa ng'ombe, na wote wawili wamekaa hapa muda mrefu kiasi kwamba ng'ombe wanawatii kuliko sisi. Ni aibu kidogo kufundishwa kazi ya kwenu na jirani, lakini nilipelekwa shule ya bweni mapema, na hata wakati wa likizo mama hakuniruhusu kukanyaga chumba cha maziwa. "Wewe soma," alikuwa akiniambia. "Moshi huu utakuharibia macho ya kusomea."

Nyasi zenyewe ni emburara, zile ndefu za mbugani, zilizokaushwa kivulini. Mama bila shaka alitumia hizo hizo, kama wanawake wote wa wafugaji. Ugumu uko kwenye kupuliza. Mara ya kwanza moto ulizimika. Mara ya pili uliwaka ukanichoma nyusi.

"Usipulize kama unazima mshumaa, mama," Kampire akasema. "Puliza kama unamwamsha mtoto."

Mara ya tatu alichukua chombo, akakitia pua, akafumba macho. "Eee. Hii sasa ni harufu ya nyumba ya watu." Mimi niliona imepungukiwa na kitu, nikadhani ni ugeni wa mkono wangu.

Tuyizere alipewa kikombe ashuhudie. Alikunywa chote, akajipangusa sharubu. "Mwalimu, kama kungekuwa na cheti cha kazi hii, ungepata daraja la kwanza. Mke wangu ana la pili."

"Lala nje leo," Kampire akamjibu.

Nikakipeleka kwa baba, chombo chake mwenyewe, kimejaa. Alifungua kifuniko, akanusa, akafunika tena.

"Ni mazuri," akasema. "Rudisha."

"Kama ni mazuri, mbona hunywi?"

"Kanisa pia ni zuri. Silali humo."

30 Septemba

Mvua ya kwanza. Imekuja saa nane na upepo, imeng'oa bati moja la zizi la ndama.

Mama alikuwa haogopi mvua ya kwanza. Alitoka bila kitambaa kichwani, akapanga masufuria chini ya michirizi ya bati, huku akiitukana mvua kwa Kinyarwanda, lugha ya kwao, kwa sababu imechelewa. Matusi hayo hatukuyajua maana, lakini tulijua kwa sauti yake kwamba yalikuwa ya upendo. Halafu alikaa mlangoni, nguo zimelowa, amevaa koti kuukuu la baba, akitazama uwanja kama mtu aliyealikwa sherehe. Leo nimepanga masufuria mimi. Matusi nilikuwa sina.

1 Oktoba

Mvua.

2 Oktoba

Mvua. Baba kala ndizi robo sahani, kaniambia nisimtazame.

4 Oktoba

Bainomugisha amepiga simu. Hakuzunguka.

"Dada, shikamoo. Mzee anakula?"

"Marahaba. Anakula kidogo."

"Maziwa?"

Nikaanza kumweleza habari za mvua. Yeye ni mdogo wangu, ananijua.

"Dada, mtu wa umri ule, maziwa ndiyo maisha yake. Nakuja Krismasi. Kama nitakuta bado hanywi, namchukua Mwanza, akae karibu na hospitali. Ng'ombe tutagawana na ndugu wa baba."

Nilimwambia baba nilichoambiwa, maana sipendi mzee apangiwe mambo nyuma ya mgongo. Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa akitazama ng'ombe wakirudi, mmoja mmoja, pembe zao zimelowa.

"Mwanza nitakaa dirishani," akasema. "Nitahesabu magari. Nitakufa nikihesabu magari."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja siku za mnada. Hilo ndilo lililonitisha.

9 Oktoba

Zahanati na baba. Muuguzi amempima uzito, akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Hana ugonjwa. "Apate maziwa, mama," akaniambia, kana kwamba nilikuwa nimeyaficha. Mkanda wa baba umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

15 Oktoba

Maharage yameota. Baba, hakuna mabadiliko.

21 Oktoba

Nimekasirika leo, na nikiwa na umri huu sina sababu ya kuficha. Nimefukiza vizuri kupita siku zote. Nilipomletea chombo, baba hata hakufungua kifuniko. Nikamwambia: mama alikuhudumia miaka yote hiyo, sikuwahi kusikia ukimwambia ahsante hata siku moja. Sasa mimi nakuhudumia, nami husemi. Maziwa haya yamekukosea nini?

"Hayajakosea," akasema.

"Basi nani kakosea?"

Aligeuza uso ukutani. Nikatoka nikaenda kwenye migomba, nikasimama karibu na mama. Nilikuwa nikiwaza yale niliyoyawaza tangu nikiwa msichana: kwamba baba ni mtu mkavu, na mama alikuwa mke mtiifu wa mtu mkavu, aliyefanya kila kitu sawasawa na asipewe neno. Udongo umeanza kutitia kwa mvua. Nimemwambia Tuyizere alete mwingine tujazie.

28 Oktoba

Mvua ya mawe. Migomba miwili imelala.

6 Novemba

Nimekwenda Nyaishozi kumsalimia Mama mdogo Gloriose. Huyu ni mdogo wake mama, wa mwisho kuzaliwa. Hakuweza kukaa msiba wote kwa sababu ya miguu. Safari yote mpaka huko nilikuwa nimekumbatia kibuyu cha maziwa niliyofukiza kwa emburara, zawadi yangu.

Nilimkuta amekaa kizingitini akichambua maharage. Ana sauti ya mama. Nilijua hivyo, lakini nilikuwa nimesahau kujiandaa. Aliposema "Karibu mwanangu," ilibidi niiname nijifanye nafungua viatu.

Tulimzungumzia mama. Tulicheka zaidi kuliko tulivyolia. Gloriose alinikumbusha jinsi mama alivyokuwa akimsindikiza mgeni: anatoka naye mpaka barabarani, hadithi haijaisha, anaendelea naye mpaka kisimani, hadithi inaanza nyingine, mpaka mgeni mwenyewe, kwa adabu, anageuka kumrudisha mama nyumbani, na hapo mama anaona ni lazima amsindikize tena. "Mumewe alituma mtu akamtafute," Gloriose akasema. "Alidhani ameibiwa."

Nikampa maziwa. Alionja, akatazama ndani ya kikombe, akaonja tena.

"Haya ni mazuri mno. Nani kafukiza?"

"Mimi, Mama mdogo. Kama alivyokuwa akifukiza mama."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwaga maharage.

"Kantengwa? Kwa nyasi? Mwanangu, dada yangu alijulia wapi nyasi?"

Ndipo nikaambiwa. Babu yangu wa upande wa mama alikuja na familia yake kutoka Rwanda, wakawa vibarua kwenye mashamba ya kahawa hapa Nyaishozi. Walikuwa wakulima. Maziwa waliyaona kwa watu. Mama alipoolewa kwenye nyumba ya ng'ombe, hakuwa amewahi kushika chombo cha maziwa, na mama mkwe alisema mwanamke ambaye hakufundishwa na mama yake hafundishwi na mwingine. Akamwonyesha chumba, akamfungia mlango, akamngoja aaibike.

"Akafanya nini?"

"Alifikiri moshi ni moshi. Kwetu tulikuwa tunawashia moto kwa makapi ya kahawa, yale maganda makavu yanayobaki ukishakoboa. Alikuwa amekuja na kimfuko chake. Akafukizia hayo."

"Kahawa?"

"Kahawa. Alipokuja kutusalimia alinisimulia. Alisema maziwa yalikuwa kama kulamba jiko." Akajifuta machozi. "Nilikuwa nampelekea kila mavuno. Ulidhani gunia lile lilikuwa la mbolea ya migomba?"

Nililidhani hivyo. Nililiona kila mwaka nyuma ya chumba cha maziwa, nikawa namsifu mama mbele ya wanafunzi wangu kwamba anajua kurutubisha shamba.

"Lakini baadaye si angejifunza? Kampire angemfundisha."

"Wengi walitaka kumfundisha. Alikataa. Alisema Muhangi kashazoea."

Kwa hiyo wakati wote huo mlango ulifungwa ili mama mkwe asione gunia. Na baada ya mama mkwe kufa ulifungwa kwa mazoea, na sisi watoto tukapewa ile habari ya moshi kuharibika.

Nimerudi na kifurushi cha makapi kutoka mashine ya kukoboa. Njia nzima niliketi ndani ya gari nikiwa na furaha ya ajabu. Nilikuwa nimemzika mama mmoja, mtiifu, hodari, asiyekosea. Sasa nimepewa mwingine, msichana wa kibarua aliyefungiwa ndani na chungu, akasema moshi ni moshi. Ningependa kumjua huyu mapema zaidi.

7 Novemba

Nimefukiza kwa makapi. Moshi wake ni mzito na mchungu, unaingia machoni na kukaa. Lakini ulipotua ndani ya chombo na nikatia maziwa, harufu ilinipiga kifuani. Ndiyo yenyewe. Ilikuwa ile ya utoto wangu ambayo nilidhani ni ya kabila zima.

Baba alikuwa kitandani. Nilipofungua mlango aliinua kichwa kabla sijafika.

"Nani kakwambia?"

"Mama mdogo Gloriose."

Alinyoosha mikono miwili akapokea chombo. Hakufungua kifuniko. Alikiweka kifuani, akakishika.

"Weka taa mbali kidogo," akasema.

Nikaisogeza taa, nikatoka, nikafunga mlango polepole. Nilikaa sebuleni nikiomba. Baadaye niliingia kuchukua chombo. Kilikuwa kimejaa vile vile.

8 Novemba

Hivyo hivyo.

12 Novemba

Hivyo hivyo. Tuyizere, ambaye sasa ndiye anayenywa maziwa ya baba kwa niaba yake, ameniambia kwa heshima zote kwamba yale ya nyasi yalikuwa bora. "Haya, mwalimu, ni kama nimebusu jiko."

19 Novemba

Senene wameanza. Kampire amejaza ndoo. Baba kala kiganja kimoja, na nimefurahi kama niliyeshinda mtihani.

27 Novemba

Baba ameanguka zizini. Alikwenda peke yake kumtazama ng'ombe aliyezaa, magoti yakamwacha. Tuyizere alimbeba mgongoni mpaka ndani.

"Mzee, umekuwa mwepesi kuliko ndama," Tuyizere alimtania akimlaza.

"Basi niuze kwa bei ya ndama," baba akasema.

Tulicheka sote watatu, lakini Tuyizere alipotoka nje nilimwona amesimama nyuma ya zizi, amejifunika uso kwa kofia. Nimempigia Bainomugisha. Ilibidi. Amesema sasa hakuna mjadala.

3 Desemba

Mvua. Hali ile ile.

11 Desemba

Naandika kirefu leo.

Jioni nilifukiza kwa makapi kama kawaida, nikapeleka, nikaweka juu ya kigoda, nikageuka. Nilikuwa nimechoka, nikasimama mlangoni nikasema bila kumtazama:

"Tata, niliyochemsha ulikataa. Ya nyasi ulikataa. Ya kahawa unakataa. Niambie basi kinachotakiwa, nikifuate hata kama kiko Uganda."

"Kwani wewe huwezi kukaa?"

Nikageuka.

"Unaleta kama karani wa mahakama," akasema. "Unaweka, unainama, unatoka."

"Ni heshima, Tata."

"Ndiyo. Heshima." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa ya chungwa. Akajilaza chali. Nilidhani ndiyo imekwisha. Kisha akaanza kuzungumza, akiwa ameelekea dari, na ninayaandika kama alivyoyasema, kadiri ninavyokumbuka.

"Siku ya kwanza mama yako aliponiletea chombo hiki, nilikunywa funda moja tu. Sikusema kitu, lakini uso ulisema. Mama yangu alikuwa chumba cha pili, anasikiliza kama nitalalamika. Kantengwa akaona uso wangu. Akaninyang'anya. Akanywa. Chombo changu! Mwanamke! Mimi nikatoa macho. Naye akafumba yake, akameza, akasema kwa lugha yao kwamba haya hata ndama angelia. Akacheka. Nami nikacheka. Tukacheka mpaka mama yangu akagonga ukuta."

"Halafu?"

"Kesho yake akaleta tena, moshi ule ule. Nikamwambia: anza wewe, usije ukaniua peke yangu. Akaanza. Kesho kutwa nikamwambia anza. Basi."

"Basi nini?"

"Basi ikawa hivyo. Unaijua jioni ambayo mama yako hakuniletea maziwa? Alikuwa anafunga mlango, anakaa hapa kitandani upande huu, anakunywa kwanza, ananipa. Ningewaambia watu? Wangesema nimetawaliwa." Akageuza kichwa akanitazama. "Tangu siku ile sijaweka mdomo hapo kabla yake. Sijui kuanza, Atuhaire."

Nimefundisha watu wengi katika maisha yangu, na sijawahi kujiona mjinga kwa amani namna ile. Nilifunga mlango. Nikakaa kitandani, upande ule. Nikachukua chombo cha mwenye nyumba, kitu ambacho binti wa kwetu hafanyi, nikafungua kifuniko, nikanywa.

"Yakoje?" akauliza.

Nilitaka kusema matamu. Nikakumbuka niko mahali pa nani.

"Mabaya sana, Tata. Kama jiko."

"Lete."

Alikunywa kidogo. Akapumzika. Akanirudishia, nikanywa tena, nikampa. Mara ya tatu hakunirudishia.

12 Desemba

Kanywa nusu chombo.

13 Desemba

Kanywa. Kauliza kama kuna ndizi.

16 Desemba

Tunazungumza jioni, mlango umefungwa. Leo amenisimulia jinsi mama alivyokuwa akipiga chafya kanisani padri akitembea na chetezo, mpaka padri akawa anaharakisha akifika kwenye benchi lake. Mimi nikamwambia hakuwahi kupiga chafya akifukiza. "Pale hakuwa mgeni," baba akasema.

23 Desemba

Bainomugisha alifika jana na gari, na mkewe. Anaona baba bado amekonda, na ni kweli, mtu hanenepi kwa siku chache. Nikamwambia anakunywa maziwa.

"Mbona sijamwona, dada? Jana na leo mezani nimemwekea mwenyewe, kasukuma. Unanifichia kwa huruma."

Ningemwambia nini? Baba hawezi kunywa mbele za watu bila mimi kuanza, wala mimi siwezi kuanza mbele za watu. Na siri ni yake na mama, si yangu kuitoa. Nikamwomba tu angoje. Hakungoja. Amefungasha nguo za baba kwenye begi, na begi amelitia kwenye gari. Baba alikuwa akitazama dirishani.

25 Desemba

Tulitoka misa tukala pamoja: Bainomugisha na mkewe, Kampire, Tuyizere, na Gaudiosus, katekista wetu, ambaye huja kila Krismasi kwa sababu mama alimkaribisha mara moja akasahau kumwambia ni ya mwaka ule tu. Bainomugisha mwenyewe alileta chombo cha baba, nilichokuwa nimekifukiza na kukijaza asubuhi. Alikishika kwa mikono miwili, akapiga goti, akakiweka mbele ya baba. Alikuwa akimpa nafasi ya mwisho, na kila mtu pale alijua.

Baba alikitazama. Kisha akakisukuma taratibu juu ya meza, kikapita mbele ya sahani ya katekista, kikanifikia.

"Atuhaire, anza."

Katekista aliinamia wali wake. Mke wa Bainomugisha alimtazama mumewe.

"Tata," Bainomugisha akasema kwa sauti ndogo, "hicho ni chombo chako."

"Najua ni changu. Nilikuwa nacho kabla hujazaliwa." Sauti yake haikuwa na nguvu, lakini ilifika. "Mama yenu alikuwa anaanza yeye. Kila jioni, ndani, mlango umefungwa. Nilimficha kwa kuogopa watu. Leo simfichi. Anza, mwanangu."

Nikanywa. Nikampa. Akakiinua kwa mikono yote miwili, akanywa kwa muda mrefu, koo likipanda na kushuka, na hakuna aliyethubutu kugusa kijiko. Alipokishusha alimpa Bainomugisha.

"Na wewe."

Bainomugisha alikipokea kama mtu anayepewa sakramenti, akanywa, na uso wote ukajikunja.

"Tata! Yameungua!"

"Ulidhani nilikuwa nakunywa nini miaka yote hiyo?" baba akasema, akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa sauti. Tuyizere akafuata, Kampire akafuata, na mwisho katekista naye akashindwa kujizuia.

Mvua ilianza tukiwa bado mezani. Bainomugisha alitoka akakimbilia kwenye gari, akarudi amelowa, begi la baba mkononi. Akapita nalo katikati yetu, akalirudisha chumbani. Baba hakumwona. Alikuwa amesinzia kwenye kiti, na sharubu zake bado zilikuwa nyeupe kwa maziwa.